Mama anataka kuingia pango la Kitum, kaka amekataa

Shangazi, hujambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nafaka hapa Kitale. Naandika kwa sababu ya daftari la mama yangu.

Mama ana miaka 69. Kusoma na kuandika alijifunza uzeeni, kwenye darasa la gumbaru karibu na kwetu Kimilili. Siku mwalimu alipowaambia waandike chochote wapendacho, yeye aliandika mambo matano anayotaka kuyafanya kabla hajafumba macho. Daftari akalificha chini ya godoro miaka miwili ndipo akanionyesha. Nililia, shangazi. Sikuwahi kuwaza kwamba mama naye ana hamu zake. Nilimjua kwa jembe, karo zetu na maziwa ya alfajiri.

Manne tumeyatimiza. Alifungua akaunti na kutia sahihi badala ya dole gumba. Alimtembelea dadake aliyeolewa Uganda. Aliingia msitu wa Kakamega. Desemba iliyopita nilimpeleka Kisumu, akala samaki pale Dunga, kisha akavua viatu na kusimama kwenye maji ya ziwa muda mrefu bila kusema neno. Kila jambo likitimia, hulipigia mstari kwa rula.

La tano ndilo limetugawanya. Anataka kuingia pango la Kitum, Mlima Elgon. Marehemu baba alichunga ng'ombe upande wa Endebess ujanani, na hakuchoka kumsimulia jinsi ndovu wanavyoingia humo usiku, gizani kabisa, wakachimbua kuta kwa pembe ili wapate chumvi. Mama ameuona mlima huo tangu azaliwe, lakini hajawahi kuukanyaga.

Kaka yangu mkubwa ni muuguzi. Anasema goti la mama ni bovu na presha yake hupanda. Hayo nayaelewa, tutatembea polepole. Lakini alipotaja homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, nilinyamaza. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi huku magharibi aliugua akafa baada ya kuzuru pango hilo, na mwaka 1987 akafa mvulana wa Denmark wa miaka 15 ambaye pia alikuwa ameingia humo. Virusi hivyo hubebwa na popo wa mapangoni, na Kitum kuna popo. Kaka si mtu wa kutisha watu ovyo. Nikimwambia watalii wameendelea kuingia miaka yote hii, hujibu kwamba hao si mama yake.

Nilimwomba mama tuishie mlangoni. Akasema, "Mlangoni hata mdai husimama." Sasa anataka twende Desemba, mvua ikipungua, na kaka asijue. Hapo ndipo nimekwama. Kaka ndiye anayenunua dawa zake za presha kila mwezi. Nikimficha, halafu mama augue hata malaria tu, sitasamehewa.

Shangazi, nanyi wasomaji mnaotunza wazazi: mzee mwenye akili timamu akielezwa hatari na bado akataka, mtoto ana haki ya kumkatalia? Na kaka nimwambie kabla, au tukisharudi?

Mama ameshanunua tochi. Jana alinipigia simu kuuliza betri zake hudumu saa ngapi.

Msomaji wenu,
Kitale