Asante mama wa pini pale Hampton Court
Jamani naomba niseme hili hadharani, kuna mama mmoja mtu mzima Jumamosi pale langoni Hampton Court, lile kasri la zamani la wafalme wa Uingereza, hata jina sikumuuliza, kaniokoa kweli. Nimevaa gauni langu la enzi za mfalme Henry VIII nililolishona miezi minne, mkononi nina mdoli wangu Anne Boleyn, mke wa huyo Henry, mara mkono wa gauni ukachomoka wote mbele za watu, nikabaki nimebana kwapa kama mtu aliyeingiliwa na siafu 😂 Mama akanivuta pembeni, akatoa kikopo cha pini, akaniambia enzi zile zipu hakuna, mikono ilikuwa inashikizwa kwa pini au kamba, mimi nilikuwa nashonelea kila kitu nikidhani ndo ufundi. Akachomeka kama pini saba hivi, ncha zote kazizamisha ndani ya kitambaa zisinichome. Halafu akamwangalia mdoli akacheka, eti hiyo kola kubwa ya mikunjo ni ya zama za malkia Elizabeth wa Kwanza, binti yake Anne, na Anne mwenyewe kakatwa kichwa 1536 fasheni hiyo bado. Nimeshaitoa. Na kikopo umeniachia chote mama yangu, Mungu akuzidishie.