Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Na wangu ni yupi?

Mbukwa, Mheshimiwa Waziri.

Nakuandikia kutoka Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Mimi na mume wangu ni familia ya kuaminika: maofisa wa ustawi wa jamii wakimtoa mtoto kwenye nyumba ya hatari, wakati mwingine analala kwetu hadi shauri lake liishe.

Mwaka jana tulikaa na binti wa miaka tisa. Siku ya shauri nilimsuka, akavaa sare ya shule kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri. Tukiwa kwenye benchi nje, kila aliyepita na faili alimuulizia. "Mama, yule ni wa nani?" Mwenye suti nyeusi alikuwa wakili wa baba yake. Dada wa ustawi, nikasema, ni wa Serikali. "Na wangu ni yupi?" Nikamjibu ni mimi. Nilimdanganya, kwa sababu mimi sikuitwa ndani.

Huko ndani, kwa alivyonisimulia, aliulizwa maswali mawili akatikisa kichwa tu. Jioni, tunachambua mlenda, ndipo akafunguka: alitaka kwa bibi yake, ili asiachane na mdogo wake. Amri ya kumpeleka makao ya watoto ilikuwa imeshatolewa asubuhi.

Simlaumu yule dada wa ustawi. Ndiye aliyepeleka maombi, ndiye aliyeandika ripoti, na ndiye atakayefuatilia amri. Akiona alikosea, ajipinge mwenyewe?

Sheria ya Mtoto ya 2009 haina ubahili wa maneno. Kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Cha 99 kinamruhusu kuwa na ndugu na mwakilishi wa kisheria. Lakini ndugu ndio hao wanaotuhumiwa, na wakili mtoto wa darasa la tatu atamtoa wapi? Amri ya matunzo, yaani ile ya kumtoa mtoto kwao na kumweka chini ya uangalizi wa ustawi, inaweza kufika miaka mitatu. Kwa binti yule ni theluthi ya umri wake.

Waingereza walijifunza kwa msiba. Maria Colwell alikuwa akilelewa na shangazi yake, mama yake akaomba arudishiwe, halmashauri iliyokuwa na dhamana ya mtoto haikupinga, na mahakama ikakubali. Januari 1973 baba wa kambo akamuua. Alikuwa na miaka saba. Sheria yao ya 1975 ndiyo iliyofungua njia ya mtoto kuwekewa mtu wake mahakamani, asiyetoka upande wowote.

Ninachoomba si kikubwa hivyo. Maombi ya amri ya matunzo yakifunguliwa, mahakama imteulie mtoto mtu wa nje ya ofisi ya ustawi. Amtembelee anakolala, zaidi ya mara moja (watoto hawafunguki siku ya kwanza, kila mlezi anajua), aandike ripoti yake, na awe na ruhusa ya kusema hapana. Wasaidizi wa kisheria tayari wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wafundishwe kazi hii, walipwe nauli na posho na mfuko usio wa mzazi wala wa ustawi. Kama fedha ni tatizo, anzeni na Dodoma peke yake.

Nikiitwa kueleza haya nitakuja. Kutoka kwangu hadi Mtumba, kwenye ofisi za wizara, ni daladala mbili.

Mama mlezi, Nkuhungu