Pembe za kwenye riwaya ya Conrad zilipita hapa hapa Unguja

Mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, barua yenyewe ndefu kidogo lakini jambo hili limenikaa moyoni. Nazungumzia ile makala ya ukurasa wenu wa fasihi kuhusu taashira, yani ishara, kwenye Heart of Darkness, riwaya ya Joseph Conrad ya safari ya kupanda mto Kongo kumfuata Kurtz, wakala wa kampuni ya pembe za ndovu. Mwandishi kaandika vizuri, Kiswahili chake safi, na nimefurahi sana kuona gazeti la Kiswahili linatoa ukurasa mzima kwa riwaya kama ile. Ila kafanya kile kile kinachofanywa na notsi zote wanazorushiana vijana wa chuo kwenye simu, yani mto ni safari ya ndani ya nafsi, ukungu ni kutojua, pembe ni tamaa, giza ni ubaya wa binadamu, basi, mtu anakariri anaingia nayo kwenye mtihani. Kwa msomaji wa London labda inatosha. Kwa sie wa huku haitoshi hata kidogo, mana sie tumo ndani ya kitabu kile na vitu vyenyewe vinavyoitwa ishara vimepita bandarini petu.

Tumo, tena kwa jina. Marlow, yule baharia anaesimulia, anatembea kwa miguu kutoka kituo cha kwanza cha kampuni kwenda kituo cha kati mana mto pale una maporomoko na meli haipandi. Njiani anakutana na mzungu mmoja kavaa yunifomu vifungo viko wazi, mkarimu, kachangamka mpaka kalewa, kapiga kambi na walinzi wenye bunduki, na walinzi hao Conrad anawaita Wazanzibari, watu warefu wembamba. Mzungu anasema kazi yake ni kutunza barabara. Marlow anasema barabara hakuiona wala matunzo hakuyaona, ila maili tatu mbele alijikwaa kwenye maiti ya mtu mweusi wa makamo, ana tundu la risasi kwenye paji la uso. Basi, mistari michache tu, hadithi inaendelea. Nani alipiga ile risasi, Conrad hasemi. Mie kila nikifika pale siwezi kupita haraka, nawafikiria wale vijana wa huku na bunduki zao, mtoto wa nani yule, katoka mtaa gani, na aliwahi kurudi?

Na hawakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1887 Stanley, yule mzungu mpelelezi wa Afrika, alikuja Unguja akachukua watu zaidi ya 600, wakapakiwa kwenye meli wakazungushwa Afrika yote kwa kusini mpaka mdomo wa mto Kongo, na humo humo melini alikuwemo Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip wetu wa Shangani, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na watu wake. Kabla hawajaondoka alishasaini mkataba hapa hapa Unguja wa kuwa liwali wa Stanley Falls, kwenye maporomoko ya juu ya mto Kongo, kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji aliekuwa anaitawala Kongo, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Wengi katika wale waliochukuliwa na Stanley walikufa kwa njaa na maradhi msituni. Na serikali ya Leopold nayo iliajiri askari kutoka Unguja. Kwa hiyo ile sentensi ya Wazanzibari njiani kwenye riwaya si pambo, Conrad alipita kule mwenyewe mwaka 1890, akapanda mto kwa stima ya Roi des Belges mpaka Stanley Falls, na alijua anaandika nini.

Hapo kwenye kupanda mto ndo nataka kukaa kidogo. Makala yenu imesema mto ni nyoka, na ni kweli, Marlow anasema aliuona kwenye ramani kama nyoka kajinyoosha, kichwa baharini na mkia umepotelea ndani ya nchi. Na kila stima ikipanda inakuwa kama wanarudi nyuma kwenye mwanzo wa dunia, msitu, kimya, ngoma za usiku, hakuna mji, hakuna mtu wa kuzungumza nae, mpaka wanafika kwa Kurtz. Kwa ufundi wa uandishi ni sehemu nzuri kupita kiasi, sikatai. Lakini mkia ule umepotea kwa nani? Watu wetu walikuwa wanaingia kwa upande wa mkia miaka na miaka, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, wakavuka Tanganyika mpaka Nyangwe na Kasongo, wakashuka na mto mpaka kwenye maporomoko yale yale. Kulikuwa na mashamba ya mpunga kule, kulikuwa na watu wanasali, wanaandika barua za kupeleka kwa jamaa zao Unguja. Kiswahili kinasemwa Kisangani mpaka leo, na Kisangani ndo hiyo Stanley Falls. Kwa hiyo pale ambapo riwaya inaweka mwisho wa dunia palikuwa na mtu anaeweza kukuuliza hujambo na habari za nyumbani.

Na Conrad alijua. Hili wengi hawalisemi na kwangu ndo zito kuliko yote. Mwaka 1924, mwaka aliofariki, ilitoka insha yake Geography and Some Explorers, na ndani yake anakumbuka usiku mmoja pale Stanley Falls, anasema maili kama 10 tu kutoka pale alipo ilikuwepo kambi ya Rashid, na nguvu ya Waarabu wa Kongo ilikuwa bado haijavunjwa. Rashid huyo ni jamaa wa Tippu Tip. Yani mwandishi alikaa usiku karibu na watu wetu, akawakumbuka zaidi ya miaka 30 baadae, lakini alipoandika riwaya akawatoa wote akaacha msitu na Kurtz. Aliwatoa ili giza likamilike, hivo ndo ninavoliona mimi. Ukitia mle ndani mji wenye soko, misikiti na mabishano ya bei, Kurtz hawi tena mtu wa pekee aliepotelea mwisho wa dunia, anakuwa mfanyabiashara mmoja mkatili kati ya wafanyabiashara wengine. Sasa mwanafunzi akiambiwa tu giza ni ubaya wa nafsi ya binadamu, hatojua kwamba giza hilo lilitengenezwa kwa kufuta watu, na miongoni mwa waliofutwa ni babu zake.

Tuje kwenye pembe. Angalia jinsi Conrad alivozipanga, ni fundi haswa. Mwanzo kabisa, jamaa wamekaa kwenye mashua ya Nellie kwenye mto Thames wanasubiri maji yaanze kupwa, na mhasibu katoa boksi la dhumna anazipanga kama anajenga nyumba. Dhumna za zama zile zilikuwa za mifupa au za pembe. Katikati ya kitabu neno pembe linanong'onwa kituoni mpaka Marlow anaona kama watu wanaliabudu. Kurtz mwenyewe kichwa chake kipara kama mpira wa pembe. Mwisho Marlow anakwenda kwa mchumba wa Kurtz kumpa pole, na pembeni mwa sebule kuna piano kubwa linang'aa kama jeneza, na piano za wakati ule vitufe vyake vilivikwa pembe. Mchumba analia, anaambiwa uongo kwamba neno la mwisho la marehemu lilikuwa jina lake, na piano lipo pale pale kimya.

Makala ikaishia kusema pembe ni tamaa. Ni tamaa ndio, lakini tamaa ya nani, na zilipita wapi? Unguja ndo ilikuwa soko kuu la pembe za Afrika Mashariki karne ya 19. Zilikuja mabegani mwa wapagazi, wengine watumwa, miezi mingi njiani, zikapimwa hapa kwa frasila, frasila moja kama kilo 16, zikapakiwa melini. Nyingi zilikwenda Marekani, jimbo la Connecticut, kwenye miji miwili jirani, Ivoryton na Deep River, ambako viwanda vilizikata vipande vyembamba vya kubandika kwenye vitufe vya piano. Kwa hiyo piano lile la sebuleni kwenye riwaya linaweza kusomwa na mtoto wa Mji Mkongwe kwa namna ambayo profesa wa Ulaya haimjii haraka. Na lazima tuseme yote, zile pembe hazikuja kwa salama. Vijiji vilichomwa, watu walifungwa minyororo, na waliofanya hivo wengine walikuwa wa kwetu, nyumba zao bado zimesimama mjini na watalii wanapiga picha milango ya kuchonga. Mtu akisoma Kurtz akaona uovu wa mzungu peke yake basi nae kasoma nusu.

Vile vile vichwa juu ya miti. Marlow kwa darubini anadhani ni mapambo ya uzio, kuvuta karibu anaona ni vichwa vya watu vimekauka, vyote isipokuwa kimoja vimeelekea nyumba ya Kurtz. Notsi zinasema hiyo ni ishara ya ustaarabu kuvunjika. Lakini pale Stanley Falls alikuwepo ofisa wa Kibelgiji, Léon Rom, ambae iliandikwa kwenye magazeti ya Ulaya kabla riwaya haijatoka kwamba vichwa 21 vya watu vilizunguka bustani ya maua mbele ya nyumba yake. Vichwa vya watu wenye mama zao. Ukivigeuza kuwa ishara tu, umewaua mara ya pili.

Na ile manowari ya Kifaransa inayopiga mizinga msituni pwani ya Afrika, hakuna anaeonekana, kombora linapotea, moshi unapotea, hakuna kitu. Wasomi wanasema ni ishara ya upuuzi wa ukoloni. Riwaya ilianza kutoka gazetini mwaka 1899. Miaka mitatu nyuma, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga jumba la mfalme hapa Unguja kumtoa Sayyid Khalid bin Barghash, dakika kama 40 tu, na watu kama 500 wakauliwa au kujeruhiwa. Kombora la huku lilikuwa na mtu wa kumwangukia. Hili mwalimu wa skuli ya hapa akilitaja darasani, nakuapia hakuna mwanafunzi atakaesinzia.

Najua kuna watakaosema basi kitabu chenyewe kitupwe, na watamtaja Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, aliesimama chuo kikuu cha Massachusetts mwaka 1975 akasema wazi kwamba Conrad ni mbaguzi, na kwamba Waafrika kwenye riwaya ile wamefanywa mandhari, hawasemi, wakisema ni maneno machache tu ya kuvunjika vunjika. Achebe yuko sahihi kwenye hilo na namheshimu sana. Lakini mie nasema kisomwe, tena kisomwe na kitabu cha pili pembeni, na kitabu hicho tunacho na ni cha Kiswahili. Maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe yalianza kuchapishwa Berlin mwaka 1902, mwaka ule ule Heart of Darkness ilipotoka kwenye jalada la kitabu. Mto mmoja, pembe zile zile, mwaka mmoja. Mmoja anasimulia kwa ukungu na minong'ono, mwengine anakwambia nilikwenda kwa fulani, nikanunua, nikapigana, Stanley kaniahidi hivi na hakutimiza. Hana ishara hata moja na hana majuto mengi pia, na hilo nalo linatisha kwa namna yake. Hajifichi nyuma ya giza. Anataja majina ya watemi, majina ya vijiji, bei. Watu ambao kwa Conrad ni vivuli kwenye ukingo wa mto, kwa Tippu Tip wana majina, wanabishana, wanadanganywa na wanadanganya, kama yeye alivowadanganya Watetela, watu wa Kongo, mpaka wakaamini kwamba ni wa ukoo wa mfalme wao wakampa utawala.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwandishi wa makala ile, namuomba kwa heshima, aandike sehemu ya pili, na aanze na wale Wazanzibari njiani. Na kwako Mhariri, kama nafasi ipo, toeni kurasa chache za Maisha ya Tippu Tip kila wiki kwenye ukurasa huo huo wa fasihi. Toleo alilotayarisha Whiteley, msomi Mwingereza wa Kiswahili, lina Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza, kwa hiyo hata vijana wanaosoma fasihi kwa Kiingereza hawana udhuru. Muanze na zile sehemu za Kongo na Stanley, mana ndo zinazogongana moja kwa moja na riwaya.

Wenu msomaji,
Mkunazini, Unguja