Mume mgeni wa Mtanzania naye atambuliwe na sheria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia wa Tanzania, Sura ya 357, ambacho tangu sheria hiyo ilipotungwa mwaka 1995 kimeziacha familia nyingi za mipakani katika hali ngumu bila Bunge kushtuka. Kifungu hicho kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuuomba, wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa kabisa. Yeye akitaka uraia hana budi kuomba kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo awe amekaa humu jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na mengineyo ya kumridhisha Waziri. Kuwa na mke Mtanzania hakumpunguzii hata siku moja katika hesabu hiyo.

Sisi wakazi wa Tunduma tunaiona tofauti hii mezani, wakati wa chakula. Mji wetu na Nakonde ya Zambia ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka, na Wanamwanga wako pande zote mbili tangu kabla Wajerumani na Waingereza hawajagawana nchi. Kijana wangu alioa Nakonde, na binti yangu akaolewa na kijana wa hukohuko Nakonde. Mahari ya kwanza nilitoa, ya pili nilipokea, na ndoa zote mbili zilifungwa kanisani zikapewa vyeti vinavyotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Leo mkamwana wangu ameukana uraia wa Zambia, amekula kiapo, ana kitambulisho cha taifa na amejiandikisha kupiga kura. Mkwe wangu, ambaye wanawe wote ni Watanzania, bado anaishi kwa pasi ya mtegemezi, na mtu anayemtegemea katika karatasi hizo ni mkewe.

Nisieleweke vibaya: silalamiki kwamba mkamwana wangu amependelewa. Alistahili, na kijana wangu alistahili kuishi na mkewe bila wasiwasi. Ninachouliza ni kwa nini dada yake, aliyezaliwa tumbo moja naye na kusoma shule moja naye, hakustahili.

Kila pasi inapokaribia kwisha, binti yangu huitoa bahasha ya kaki iliyoko chini ya godoro na kuanza kupanga: cheti cha ndoa na nakala yake, picha za pasipoti, barua ya mwenyekiti wa mtaa, nakala ya kitambulisho chake, na barua aliyoiandika kwa mkono wake akijitambulisha kuwa ndiye mwenyeji wa mume wake. Barua hiyo humtia haya, ingawa hasemi, na humtia haya zaidi mumewe, kwa sababu mkwe wangu si mtu wa kutunzwa. Ni fundi wa magari ya mizigo, na anayeijua foleni ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo anajua kwamba fundi wa aina hiyo halali njaa Tunduma. Lakini pasi ya mtegemezi haimruhusu kufanya kazi, na sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mgeni apate kwanza kibali cha kazi, kibali ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya makampuni yanayoleta wataalamu wala si kwa ajili ya mtu mwenye boksi la spana na familia. Kwa hiyo asubuhi huvuka kwenda kutengeneza magari Nakonde, analipwa kwa kwacha, na jioni hurudi nyumbani kwake Tanzania. Magari ni yaleyale, mengine yameharibikia upande wetu yakavutwa hadi kwao ili ayatengeneze, na kodi inayotokana na kazi yake inabaki Zambia.

Julai 2025 jambo hili liliongezeka uzito. Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uuzaji wa rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, utengenezaji wa simu na saluni nje ya hoteli. Lengo la amri hiyo naliunga mkono, kwa sababu si haki mtu atoke mbali na mtaji mkubwa aje kushindana na mama mwenye genge. Hata hivyo amri hiyo inamwadhibu pia raia anayemsaidia asiye raia kufanya biashara hizo, kwa faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Binti yangu ana duka dogo la bidhaa za nyumbani. Akienda kliniki na mtoto mgonjwa, akamwachia mumewe kaunta hadi saa nane, je, hapo amemsaidia mgeni kufanya biashara, au ameishi na mumewe kama watu wengine wanavyoishi? Swali hilo halipaswi kuachwa liamuliwe na ofisa atakayepita dukani siku hiyo.

Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo ya mwaka 1995 haikumbagua mwanamke alipokuwa mama. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mama Mtanzania hupata uraia wa kurithi sawasawa na aliyezaliwa na baba Mtanzania. Watunga sheria walikubali kwamba uraia wa mwanamke unatosha kumfikia mwanawe aliyeko Lusaka, lakini hawakukubali kwamba unaweza kumfikia mumewe aliyelala naye chumba kimoja. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na neno jinsia liliongezwa humo kwa mabadiliko ya mwaka 2000. Ibara ya 16 inaipa hifadhi familia ya mtu na unyumba wake. Tena Tanzania iliridhia mwaka 1985 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 inahusu uraia, na kamati inayosimamia mkataba huo imekwishatutaka tukirekebishe kifungu cha 11.

Nimewahi kujibiwa na watu wenye busara zao kwamba mila zetu ndizo zinazotaka hivyo, yaani mke humfuata mume, na mwanamume anayehamia kwa mkewe ana lake jambo. Mila hizo ni za nani? Kwa Wayao, Wamakonde na Wamakua wa kusini, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na kijana aliyeoa alikwenda kujenga kwa wakwe zake bila mtu kumshangaa. Sheria ya nchi yenye makabila zaidi ya 120 haiwezi kuchagua mila ya baadhi yetu na kuifanya masharti ya uraia kwa wote.

Hoja ya ndoa za karatasi ina uzito zaidi. Ni kweli wapo wageni watakaotafuta mke ili wapate ardhi, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na uraia ungeondoa kizuizi hicho. Lakini mwanamke wa kigeni naye anaweza kuolewa kwa hila, na kwake sheria haikuweka hata muda wa kusubiri. Kama tunaogopa udanganyifu, tuuwekee dawa inayowahusu wote. Kenya, ambayo zamani iliwatambua wake wa kigeni peke yao, iliandika katika Ibara ya 15 ya Katiba ya mwaka 2010 kwamba mtu yeyote aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 anaweza kuomba asajiliwe kuwa raia. Zambia katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2016 iliweka miaka 5, bila kujali nani ni mume na nani ni mke. Maana yake ni kwamba binti yangu angemfuata mumewe ng'ambo ya barabara, Zambia ingemhesabia ndoa yake. Mimi niko tayari wake wa kigeni nao wasubiri miaka 5, wahojiwe, na majirani waulizwe, mradi mume awekwe kwenye mstari huohuo.

Mahakama za jirani zililiona hili mapema. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Zimbabwe, katika shauri la Rattigan, iliamua kwamba kumnyima mume wa kigeni ruhusa ya kukaa nchini ni kuuvunja uhuru wa mke aliye raia, kwa kuwa raia anayelazimika kuchagua kati ya nchi yake na ndoa yake hana tena uhuru wa kuishi kwao. Serikali ya huko haikufurahia, na mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili kuudhoofisha uamuzi huo. Lakini hoja ya majaji sijaona aliyeijibu.

Ninawaomba wabunge wa majimbo ya mipakani, kuanzia hapa Tunduma na Kyela hadi Longido, Rombo na Tarime, ambako ndoa za namna hii ni jambo la kila siku, wasingoje serikali ilete muswada. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kupeleka muswada binafsi, na marekebisho yenyewe ni ya mistari michache. Wakati hayo yakisubiriwa, Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Ndani anaweza kwa kanuni tu kutenganisha pasi ya mwenzi wa raia na pasi za wategemezi wengine, aipe muda mrefu zaidi, na akubaliane na mwenzake wa Kazi kwamba mwenye pasi hiyo aruhusiwe kufanya kazi ya mikono yake mahali anapoishi na familia yake. Kwa hilo la pili hahitaji kungoja kikao chochote cha Bunge.

Mzazi na mkwe,
Tunduma, Songwe