Barua kutoka Paris: watu wa chelezo cha Medusa

Paris, Jumapili jioni

Masanja ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Barua yako niliipata, na lile swali lako limenikaa kichwani mwezi mzima: eti huku wamechora kitu gani zaidi ya wafalme na wanawake wa magauni ya hariri? Jana nikapanda treni kwenda makumbusho ya Louvre kukutafutia jibu. Nilikaa humo tangu milango ilipofunguliwa hadi miguu ikagoma.

Nilianza na hao hao wa hariri, maana mtindo wao, rokoko, ndio uliotangulia. Mfalme Louis wa 14 alipofariki mwaka 1715, mabwana wakubwa aliokuwa amewabana kwenye kasri lake la Versailles walirudi Paris, kwenye nyumba zenye sebule ndogo ndogo, na picha nazo zikapungua ukubwa ili zienee ukutani. Rangi zikalainika: waridi, samawati, njano ya jua la jioni. Ipo moja ya Fragonard iitwayo "Komeo". Upana wake haufiki mita moja. Kijana amemkumbatia mwanamke kwa mkono mmoja, na wa pili ameunyoosha kulisukuma komeo la mlango kwa ncha za vidole. Sehemu kubwa iliyobaki ni pazia jekundu na kitanda kilichovurugika. Wewe unayehangaika na mikunjo ya kitambaa ungelala pale pale. Niliingia na dharau, nikatoka nauheshimu sana mkono wa yule mtu. Ila watu wake wanaishi kana kwamba nje ya chumba kile hakuna mtu mwingine.

Kutoka hapo nikaenda kwenye kumbi kubwa za kuta nyekundu, nikakutana na "Kiapo cha Wahorati" ya David. Ni kama umetoka kwenye harusi ukaingia kwenye gwaride. Mji wa kale wa Pompeii ulikuwa umeanza kufukuliwa mwaka 1748, Roma ikawa ndiyo habari ya mjini, na wachoraji wakataka mistari iliyonyooka na watu wenye msimamo. Ndio urasimi mpya huo. Ndugu watatu wa Roma ya kale wamenyoosha mikono kuapa, baba yao ameinua panga tatu, nyuma kuna matao matatu, na alama ya brashi huioni hata usogee vipi. Wanawake wamekaa pembeni wanalia, kwa sababu wao wana ndugu na wachumba pande zote mbili za vita. David aliipaka Roma mwaka 1784 kwa agizo la mfalme. Mwaka 1793 mchoraji huyo huyo akapiga kura mfalme auawe! Hata hivyo, Mapinduzi ya Ufaransa yalipomnyang'anya Fragonard wateja wake, David ndiye aliyemsaidia apate kazi kwenye makumbusho hayo hayo ya Louvre. Kwa hilo namheshimu.

Usinipite na hii: mwanafunzi wa David, Marie-Guillemine Benoist, mwaka 1800 alimchora mwanamke Mweusi ameketi, kilemba cheupe kichwani, anakutazama moja kwa moja. Kwa miaka zaidi ya 200 picha iliitwa kwa rangi ya ngozi yake tu. Jina lake, Madeleine, lilirudishwa kwenye maonyesho mwaka 2019. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1794, na miaka miwili tu baada ya picha hii ikaurudisha.

Sasa jibu lako, Masanja. Mtindo uliofuata unaitwa "ulimbwende", na jina hilo tulilolisoma kidato cha tano linapotosha. Mtu anatarajia urembo. Mimi nilikuta maiti. Picha ni "Chelezo cha Medusa" ya mchoraji Géricault, karibu mita 5 kwa 7, na walio mbele ni wakubwa kuliko wewe na mimi. Mwaka 1816 meli ya Medusa, ikielekea Senegali, ilipanda fungu la mchanga karibu na pwani ya Mauritania. Nahodha alipewa meli kwa sababu ya ukoo na siasa, na alikuwa hajakaa baharini kwa zaidi ya miaka 20. Mashua hazikutosha. Watu wapatao 147 wakapakiwa kwenye chelezo cha mbao kilichovutwa kwa kamba, kisha kamba ikaachiwa. Walielea siku 13. Waliookolewa wakiwa hai ni 15.

Géricault alikuwa na miaka 27 tu. Aliwatafuta walionusurika akawasikiliza, akamfanya seremala wao atengeneze mfano mdogo wa chelezo, akaleta studio viungo vya maiti kutoka hospitali ili aione rangi yake. Nikasogea. Mzee mmoja amepakata maiti ya kijana na ameipa mgongo meli inayopita. Nadhani kwake hata wakiokolewa imeshachelewa. Upepo umejaza tanga upande usiofaa. Meli yenyewe ni kidoa tu kwenye upeo wa macho, ukiifunika kwa kidole imepotea. Na juu kabisa ya lile rundo la miili, amesimama juu ya pipa mtu Mweusi, anapunga kitambaa. Kanvasi za ukubwa ule zilikuwa za wafalme, mashujaa na Biblia. Yeye aliwapa watu waliotupwa baharini.

Hapo nikakumbuka Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, sisi wadogo tumesimama juu ya mawe tunatazama ziwa, na watu wazima hawasemi kitu. Nikakumbuka na ile skechi yako ya MV Bukoba, uliyoikunja ukaitupia juu ya kabati ukisema nani atanunua picha ya msiba. Ya Géricault hakuinunua mtu hadi alipofariki mwaka 1824, akiwa na miaka 32.

Jambo moja la ufundi: inasemekana alitumia rangi iliyochanganywa na lami ili vivuli viwe vizito, na lami hiyo imezidi kuifanya picha kuwa nyeusi miaka yote hii. Wewe usiiguse.

Nakuja Desemba. Kama kinachokukwamisha ni kanvasi, nitabeba ya mita mbili nikiwa nimeikunja ndani ya bomba. Pima ule ukuta wa nyuma unapofanyia kazi, uniandikie vipimo kabla sijanunua. Mama msalimie sana, mwambie dawa yake ya kikohozi imekwisha.

Ni mimi rafiki yako,
Neema