Barua ya wazi kwa mama yangu mdogo asiyepata usingizi

Shikamoo mama mdogo.

Najua simu yako si ya kusomea mambo marefu, kwa hiyo nimemwomba mjukuu wako akusomee barua hii mchana, taratibu, mkiwa mmekaa pale chini ya mwembe. Nimeiandika hadharani kwa makusudi. Wapo watu wa Mpunguzi watakaoisoma kabla yako, na wapo wengine Kongwa, Bahi na Manyoni, wenye kisukari, selimundu, figo, au baridi yabisi kama mimi, ambao kila usiku wanahesabu mabati ya paa mpaka jogoo anawika. Nataka na wao wasikie.

Umeniambia hupati hata lepe la usingizi, na kila unayemweleza anakujibu kwamba ni mawazo. Hata kliniki ulipolitaja uliambiwa "punguza mawazo, mama", kisha akaitwa mwenye namba inayofuata. Iliniuma sana kusikia hivyo. Mtu anayekosa usingizi angalau mara 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na mchana anashinda hoi, ana ugonjwa unaojulikana kitabibu, na ugonjwa huo una tiba yake. Kisukari chako tutaishi nacho, na baridi yabisi yangu nitaishi nayo. Lakini huku kukesha kunaweza kutibiwa hata kama ugonjwa ulioleta kukesha bado upo. Shika hilo kabla ya mengine yote.

Mwezi wa saba nilipolala kwako kulikuwa na kile kipupwe chetu, joto likishuka usiku hadi nyuzi 13 au 14, upepo unapiga bati mpaka unadhani linang'oka. Sote tulikuwa tumejifunika gubigubi. Wewe uliutoa mguu nje ya blanketi, ukaubandika wayo wote kwenye sakafu ya saruji, ukatulia. Baada ya muda ukabadilisha, ukashusha wa pili. Hukusema kitu, na asubuhi ukaamka ukaenda kuchota maji kama mtu aliyelala.

Ule moto wa nyayo unatokana na sukari. Ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, kuanzia ya miguuni, na maumivu yake yana tabia ya kuzidi usiku. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi haziyafikii. Zipo dawa za mishipa ya fahamu. Mojawapo ni amitriptilini, ambayo kwa dozi ndogo ya usiku hutuliza ule moto na huleta usingizi kidogo. Si ya kila mtu, na daktari lazima ajue hali ya moyo wako kwanza. Lakini huwezi kupewa dawa ya kitu ambacho hujawahi kukitaja. Mweleze daktari habari ya sakafu, kama nilivyoiona mimi. Na tafadhali, kila asubuhi mwambie mjukuu akukague nyayo, na usizikande kwa maji ya moto. Wayo wenye ganzi haujui kwamba unaungua.

Kuamka kwenda haja ndogo nako usikuone kuwa jambo la kawaida. Sukari ya damu ikipita takriban 10 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo, na sukari ikitoka hutoka na maji. Kwa hiyo usiku wa kwenda chooni kila saa mara nyingi ni usiku wa sukari iliyo juu, na dawa yake ni kuishusha sukari. Kuacha kunywa maji si dawa. Halafu kuna dawa ya presha. Kama miongoni mwa vidonge vyako kimo kile cha kutoa maji mwilini na unakimeza jioni, kitakuamsha tu. Uliza kama kinaweza kuhamia asubuhi. Mimi daktari alinihamishia prednisoloni kutoka jioni kwenda asubuhi, kwa sababu dawa hiyo hukausha usingizi. Maumivu ya vidole yalibaki vilevile, ila nikaanza kulala.

Ukishtuka usiku umelowa jasho, mwili unatetemeka na moyo unakimbia, hiyo ni habari nyingine kabisa. Huenda sukari imeshuka. Pima palepale. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15, kisha daktari ajue, kwa maana huenda dozi yako imezidi. Na mjukuu anasema unakoroma, halafu kunakuwa kimya kama pumzi imekatika, halafu unavuta kwa nguvu. Hilo nalo lifike kliniki.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna aliyekueleza. Kilichokuanzishia kukesha na kinachokukeshesha leo si lazima kiwe kimoja. Mtaalamu wa usingizi wa Marekani, Arthur Spielman, alilieleza hili mwaka 1987 pamoja na wenzake: ugonjwa au msiba huvunja usingizi, kisha zile mbinu tunazotumia kuutafuta ndizo zinazouzuia usirudi. Hakuna kosa ndani yake. Mtu aliyechoka hufanya linaloonekana la busara. Giza la Dodoma linaingia saa moja, wewe saa mbili uko kitandani "nipumzishe mwili", na unatoka saa kumi na mbili. Hayo ni masaa 10. Kama mwili wako kwa sasa una usingizi wa masaa 6, mama mdogo, hayo manne yatakwenda wapi? Yatakuwa ya kugaagaa. Na kitanda ukikigaagaa mwaka mzima, mwili unazoea kwamba hapo ni mahali pa kukodoa macho. Ndiyo maana unasinzia kwenye mkeka sebuleni, halafu ukigusa mto usingizi unaruka.

Tiba yenyewe inaanzia hapo. Unachagua saa ya kuamka isiyobadilika, tuseme saa kumi na moja na nusu, iwe Jumapili au siku ya mnada. Halafu unachelewa kulala mpaka saa tano, hata kama unasinzia mapema. Wiki za kwanza ni ngumu, sitakudanganya, mchana utajihisi mzito. Lakini usingizi huanza kushikana, na ukishikana unaongeza robo saa, kisha robo saa nyingine. Usishuke chini ya masaa matano na nusu kitandani. Na mwenye kifafa, au ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka hisia, au anayeendesha bodaboda na magari makubwa, asilijaribu hili bila daktari. Wewe mwenyewe usilianze mpaka tujue sukari ya usiku ikoje.

Sehemu ya pili ni ile uliyonikatalia. Mwanasaikolojia Richard Bootzin aliisema tangu 1972: ukiona usingizi haupo, toka kitandani, ukae mahali pengine ufanye kitu cha utulivu, urudi macho yakianza kufumba. Uliponijibu "mwanangu, mwanamke wa umri wangu akionekana uani saa nane za usiku, kesho yake atakuwa na jina" nilikosa la kusema. Nimelifikiria tangu siku ile. Una haki ya kuogopa. Huku kwetu wanawake wazima wameteswa na wengine wameuawa kwa maneno yanayoanza hivyohivyo, na mtu anayekesha kwa maumivu hastahili kulala akijibana kitandani ili majirani wasimfikirie vibaya.

Kwa hiyo tufanye ndani. Mkeka ubaki sebuleni, mto wa kuegemea ukutani, blanketi moja, taa ndogo yenye mwanga hafifu. Chambua mchicha wa kesho, au shona vile vitambaa, au sali rozari yako. Saa ya ukutani itolewe. Ukijua kwamba ni saa nane na dakika ishirini haikusaidii chochote. Na ndugu zangu mnaosoma, mkimkuta amekaa pale msimwulize "una nini wewe?" Mpiteni kwa salamu. Majirani nanyi mmeshasoma: ni nyayo zinazowaka, ni sukari.

Chai. Najua ya saa moja usiku ndiyo inayokufanya ujisikie mtu, na sipendi kukunyang'anya kitu kwa sababu ugonjwa umeshakunyang'anya vingi. Lakini kafeini ya majani hukaa mwilini. Baada ya masaa kama matano nusu yake bado ipo, na kazi yake ni kuziba ile dalili ya uchovu ambayo ubongo huikusanya tangu asubuhi. Chai ya majani iwe ya mwisho saa sita mchana. Jioni chemsha mchaichai. Kulala mchana nako kuwe nusu saa tu, kabla ya saa tisa.

Kuhusu vile vidonge ulivyonunuliwa duka la dawa, diazepamu, nazungumza nikiwa na hofu. Vinalaza, ni kweli. Ila mwili huvizoea upesi, unataka viwili, kisha vitatu. Kwa mtu mwenye ganzi miguuni anayeamka gizani kwenda chooni, ndivyo nyonga zinavyovunjika. Usiviache ghafla kama umevitumia muda mrefu, kwa sababu kukatisha kwa mara moja kunaweza kuleta degedege; daktari atakupunguzia kidogokidogo. Piriton nayo ni dawa ya mzio. Kwa watu wazima hukausha kinywa na huchanganya akili, na nguvu yake ya kulaza haidumu.

Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima mwenye tatizo hili la muda mrefu aanze na tiba hii ya kurekebisha mazoea na fikra za usingizi, kabla ya vidonge. Inatolewa na wanasaikolojia na madaktari wa akili walioisomea. Na hapo najua utashtuka, maana mtu wa Dodoma ukimtajia daktari wa akili anasikia Mirembe, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, na akisikia Mirembe anaona aibu. Mimi sioni aibu. Kukesha kwa muda mrefu huvuta sonona, na sonona huzidisha kukesha. Usiku mbaya pia hupandisha sukari, kwa kuwa mwili usiolala hautumii insulini vizuri, na huongeza makali ya maumivu. Basi anayetibu usingizi wako anakusaidia kutibu kisukari. Popote alipo, tutakwenda.

Mimi bado nina usiku ambao vidole vinakaza na usingizi haurudi. Sikuahidi usiku wa kijana. Ila zamani ilikuwa wiki nzima kwa mfululizo, na sasa sivyo, na tofauti hiyo imenirudishia kazi yangu.

Kliniki yako ni Jumatatu. Nitakuja Jumamosi jioni. Mpaka hapo weka dawa zote kwenye mfuko mmoja, na pakiti tupu usizitupe, hata za vile vidonge vya kulala. Mjukuu aandike kwenye daftari, kila asubuhi, umepanda kitandani saa ngapi, umeamka mara ngapi, kwa sababu gani (haja, nyayo, jasho, au hakuna) na mashine imesoma ngapi. Makadirio yanatosha, usikeshe ukihesabu. Daftari hilo ndilo tutakalomwekea daktari mezani, na safari hii nitakuwa nimekaa kiti cha pembeni yako. Akisema ni mawazo, nitamwomba alisome kwanza.

Msalimie baba mdogo na wote nyumbani.

Mwanao,
Nkuhungu, Dodoma