Malalamiko kuhusu kompyuta mliyoniuzia ikiwa na kadi ya grafiki iliyochezewa BIOS

Dar es Salaam

Kwa Meneja wa Mauzo na Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: KADI YA GRAFIKI ILIYOFLASHIWA NA KUPANDISHWA KASI BILA MNUNUZI KUAMBIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nilinunua dukani kwenu kompyuta ya mezani iliyounganishwa na mafundi wenu, nikawaeleza wazi kwamba ni ya kuhariri video za harusi, sendofu na makongamano. Risiti yenu inasema ndani yake mna kadi ya grafiki aina ya Radeon RX 580 ya GB 8. Kadi iliyomo si hiyo: imeflashiwa, yaani BIOS yake, ile programu ya msingi inayokaa ndani ya kadi na kuiongoza, imeandikwa upya. Nilipoirudisha dukani nilijibiwa kwamba "hayo ni mambo ya programu, waranti haihusiki". Jibu hilo silikubali, na katika barua hii naeleza kwa nini.

Dalili zilianza mapema. Kila nilipoitoa video ndefu kuwa faili la mwisho, kompyuta ilijizima au skrini ilijaa vijistari vya rangi. Feni ilikuwa inavuma hata nikiwa nakata vipande vifupi. Nilivumilia, nikidhani ni joto la Dar. Kisha nikasasisha draiva ya AMD (programu ya mtengenezaji wa chipu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), jambo ambalo mtumiaji yeyote hushauriwa kulifanya. Baada ya kuwasha upya, skrini ikashuka hadi mwonekano wa chini kabisa, na Windows ikaonyesha kwamba kadi imesimamishwa, kosa namba 43.

Fundi ninayemwamini aliielewa mara moja. Draiva ya AMD hukagua saini ya BIOS iliyomo kwenye kadi. BIOS ikiwa imehaririwa, saini hailingani tena na draiva inaikataa kadi. Wanaohariri BIOS wanalijua hilo, ndiyo maana huendesha kijiprogramu cha kuilegeza draiva ili isikague. Ukiweka draiva mpya, ule ulegezaji unafutika na kadi inagoma. Hicho ndicho kilichonikuta. Kijiprogramu chenyewe, atikmdag-patcher, tumekikuta kwenye diski ya kompyuta mliyonikabidhi, kikiwa folda moja na Polaris BIOS Editor, programu ya kuhariri BIOS za kadi za ukoo huu. Tarehe za mafaili yote mawili ni za kabla ya risiti yenu. Kijana wenu wa kaunta aliposema "mteja ameichezea mwenyewe", alikuwa hajaangalia hilo. Naomba ninyi mliangalie.

Tulipoisoma BIOS yenyewe, picha ilikamilika. Jina linalojitokeza kwenye kompyuta ni RX 580, na kwa mtu asiyefungua kasha, kila kitu kinaonekana sawa. RX 480 iliyotoka Juni 2016 na RX 580 iliyotoka Aprili 2017 ni ndugu wa karibu mno. Chipu zote mbili ni za ukoo wa Polaris, zote zina viini vya kuchakata 2,304, zote hutumia memori ya GDDR5 kwa njia ya biti 256. Ukichukua BIOS ya 580 ukaiflashi kwenye 480, kadi inajitambulisha kwa jina jipya na inaanza kukimbia kwa kasi mpya. Stika yenu ya waranti ilipojibandua kwa joto, chini yake tukakuta stika ya kiwandani. Imeandikwa RX 480.

Mafundi wenu hawakuishia hapo. RX 480 ya kiwango cha AMD ina kasi ya juu ya 1,266 MHz. RX 580 ina 1,340. Iliyomo kwenye kompyuta yangu imeandikiwa 1,430 MHz, volti zimepandishwa, na kikomo cha umeme kimesogezwa juu. Mtu akipandisha kasi kwa programu ya kawaida ndani ya Windows, anaweza kuirudisha chini kwa kubofya mara moja, na akiweka Windows upya kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Hii imeandikwa ndani ya kadi. Ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine, inahama na kasi yake. Kuna kadi zenye swichi ndogo ya kuhamia BIOS ya akiba. Hii mliyoniuzia haina. Mimi kama mnunuzi sikuwa na njia yoyote ya kuikwepa kasi hiyo, wala ya kujua kwamba ipo.

Sina ugomvi na wanaofanya kazi hiyo kwenye kadi zao wenyewe. Ni maarifa ya kweli, yanataka subira, na mwenye kadi anajua anachobeba. Lakini kuuza kadi kama hiyo bila kusema ni sawa na kuuza gari lililorudishwa nyuma kilomita. Tena hapa kuna hatari ambayo ningependa muisome mara mbili.

Kadi hii ina soketi moja tu ya umeme, ya pini sita. Kwa kanuni za PCI Express, soketi ya pini sita imekusudiwa kutoa wati 75, na sloti ya kwenye mazabodi wati 75 nyingine. Jumla ni 150. RX 480 ilibuniwa kwa wati 150, yaani ilikuwa kwenye ukingo tangu kiwandani. Ilipotoka tu mwaka 2016, wapimaji waligundua kwamba inavuta kwenye sloti umeme kupita kiwango, na Julai mwaka huohuo AMD ikalazimika kutoa draiva 16.7.1 ya kulirekebisha. RX 580 imekadiriwa wati 185, na kadi nyingi za aina hiyo zilipewa soketi ya pini nane kwa sababu hiyohiyo. Ninyi mmeipa kadi ya wati 150 BIOS ya kadi ya wati 185, kisha mkaipandisha zaidi ya hapo, na waya mmeuacha uleule wa pini sita. Plastiki ya kichwa cha waya huo sasa imegeuka kahawia upande mmoja. Nimeipiga picha na nimeambatisha.

Kompyuta hii ilikuwa ikikesha ikifanya kazi usiku, nami nikiwa nimelala chumba cha pili na familia yangu. Siwezi kulitaja jambo hili kama suala la programu, na sitaki ninyi mlitaje hivyo.

Hasara ya kazi naisema kwa ufupi. Video ya harusi ilichelewa, nikairudishia familia ya bwana harusi sehemu ya fedha zao, na kazi iliyofuata nimeifanya kwa kompyuta ya kuazima. Sizidai fedha hizo katika barua hii.

Ninachodai ni kurudishiwa bei kamili niliyolipa kama ilivyo kwenye risiti, au kubadilishiwa kwa RX 580 halisi yenye BIOS ya kiwandani, pamoja na pawa saplai mpya, kwa kuwa iliyopo imefanya kazi kwa waya ulioungua. Fundi wenu mmoja alipendekeza airudishe tu BIOS ya zamani. Hapana. BIOS inarudi, lakini chipu iliyosukumwa kwa volti za juu na soketi iliyopikwa na joto havirudi. Na hata ikirudi, itakuwa RX 480, ilhali nimelipia 580.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, pamoja na nakala ya BIOS, picha na orodha ya mafaili tuliyoyakuta kwenye diski.

Kuna dai la pili, nalo nalipa uzito uleule. Siamini kwamba kadi yangu ilikuwa peke yake. Tangu sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji kwa kadi za grafiki, Septemba 2022, kadi za ukoo huu zimemwagika sokoni, na nyingi zimekwisha kuhaririwa BIOS kwa namna moja au nyingine kabla hazijafika kwenye kabati lenu la vioo. Wapigieni simu wateja wote waliochukua kompyuta za kundi moja na yangu. Waambieni waache kuziwasha usiku bila mtu kuziangalia, wakague kichwa cha waya wa kadi, na wazilete mzikague bure. Na kuanzia sasa, kila kadi iliyotumika isomwe BIOS yake kabla ya kuuzwa, ilinganishwe na ya kiwandani, na matokeo yaandikwe kwenye risiti. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na vifaa vya kuifanyia mnavyo, kwa maana nimevikuta kwenye diski yangu.

Kadi, waya na kompyuta nzima vipo kwangu, vimezimwa, na havijaguswa tangu tulipovikagua. Fundi wenu anakaribishwa kuja kuvitazama siku yoyote ya kazi, mradi fundi wangu awepo. Namba yangu ya simu iko kwenye risiti.

Wako,

Mteja wenu, mhariri wa video
(sahihi)

Viambatisho: nakala ya risiti, picha za waya na stika, nakala ya BIOS kwenye fleshi.